Uvimbe chini ya sikio: tiba iliyojifunza kuuheshimu uso

Huanza mdogo kama punje ya hindi, chini ya sikio, na hauumi. Mkulima wa Mgeta au Matombo, milimani Uluguru, huweza kukaa nao miaka akidhani ni matubwitubwi yasiyokwisha. Matubwitubwi huja na homa na maumivu, kisha huondoka. Huu haurudi nyuma.

Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hutoka kwenye parotidi, tezi kubwa kuliko zote za mate. Unaoongoza ni adenoma pleomofiki. Si saratani, lakini ukiachwa miaka mingi huweza kugeuka saratani.

Zamani madaktari walipasua ngozi na kuuchopoa tu. Walichoogopa ni neva ya uso, inayopita ndani ya tezi hiyo: ikikatwa, jicho halifumbi na mdomo huenda upande. Hata hivyo, ganda la uvimbe ni jembamba, na mabaki yake yaliota upya, pengine vifundo vingi kwa pamoja. Miaka ya 1940 wapasuaji, akiwamo Mwingereza Hamilton Bailey, walihimiza njia nyingine: itafutwe neva kwanza, yafuatwe matawi yake, ndipo uvimbe utolewe pamoja na nyama ya tezi inayouzunguka. Baadaye ikaenea sindano nyembamba ya kuvuta seli, zikapimwa kwa hadubini kabla ya kisu.

Afrika Mashariki, madaktari waliofanya kazi Uganda, akiwamo Denis Burkitt, walichapisha utafiti wao kuhusu uvimbe wa tezi za mate mwaka 1964. Dar es Salaam, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret ndiyo Muhimbili ya leo. Hapo mafunzo ya udaktari wa meno yalianza 1979, na hapo wamo mabingwa wa upasuaji wa kinywa, uso na taya.

Kwa mgonjwa wa Uluguru, safari ya kwenda huko hupitia Morogoro, mji ulio chini ya milima hiyo, ambako reli ilifika mwaka 1907. Tangu Juni 2024 treni ya umeme humtoa abiria hapo na kumfikisha Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili. Kwa hiyo mwenye barua ya rufaa hacheleweshwi tena na njia kuu, bali na miaka aliyokaa kimya nyumbani. Na asikubali kukatwa popote kabla ya kipimo, kwa kuwa upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri kuliko yote. Wa kurudia huikuta neva imenasa kwenye kovu. Uvimbe ukianza kukua ghafla, kuuma, au uso ukilegea upande mmoja, hapo hakuna kungoja.