Kanga Mbili za Damu: Kondo la Nyuma na Swali la Sindano Muheza

Mwaka 2005, Ndola Prata, Godfrey Mbaruku na Martha Campbell walichapisha matokeo ya kazi yao ya Kigoma kuhusu kipimo ambacho hakuna nyumba ya Tanzania isiyokuwa nacho: kanga. Mkunga wa jadi aliyezalisha nyumbani, asiye na mizani wala chombo chenye alama za mililita, alitandika kanga chini ya mzazi na kuhesabu. Zikilowa mbili, damu iliyotoka imepita nusu lita, na kwa mujibu wa vitabu hapo ndipo hatari inapoanza.

Naanza na kanga kwa makusudi. Suala la kondo la nyuma, yaani liachwe litoke lenyewe au lisaidiwe kwa dawa, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni ugomvi wa imani mbili, wenye asili yao na wenye tiba yao. Kwa mwanamke wa Muheza, mkoani Tanga, mimi naliona kuwa suala la hesabu. Ana damu kiasi gani ya kupoteza? Ikizidi, nani atamrudishia, na baada ya saa ngapi?

Mtoto akishatoka, mfuko wa uzazi hujikunja, kondo likabanduka ukutani. Mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, nayo imepita katikati ya nyuzi za misuli zilizopishana. Nyuzi zikikaza, mishipa hubanwa na kufungika. Zikilegea, hakuna kizuizi kingine cha kutegemewa, na kwa mimba iliyotimia damu inayopita katika mfuko huo hufikia nusu lita na zaidi kwa dakika moja. Ndiyo maana kanga mbili zinaweza kulowa kabla birika la chai halijachemka.

Anayesubiri asili hafanyi kitu kwa haraka. Mama huchuchumaa au hukaa, mtoto huwekwa kifuani anyonye, kitovu hakikatwi mpaka kiache kudunda, na kondo hutoka kwa nguvu za mama mwenyewe, pengine ndani ya nusu saa, pengine saa nzima. Kunyonya huko si pambo: chuchu ikinyonywa, mwili hutoa oksitosini yake. Njia ya pili humpa mama oksitosini kutoka kwenye kichupa, yuniti 10 kwenye msuli wa paja, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa. Ilipoenea, njia hii ilikuja na mambo mengine mawili, kubana kitovu papo hapo na kukivuta huku mkono mwingine ukiuzuia mfuko wa uzazi juu ya kinena. Msomaji ayakumbuke mambo hayo mawili, maana nitayarudia.

Ushahidi wa mwanzo ulitoka Uingereza. Katika jaribio la Bristol la mwaka 1988, wanawake waliopoteza nusu lita au zaidi walikuwa asilimia 17.9 kwa waliosubiri na 5.9 kwa waliopewa dawa. Watetezi wa asili walisema, na walikuwa na hoja, kwamba wakunga wa Bristol hawakuzoea kusubiri. Jaribio la Hinchingbrooke la mwaka 1998 likafanywa mahali ambapo wakunga walizijua njia zote mbili. Jibu likawa 16.5 kwa 6.8. Hata hivyo, kwa mwanamke mwenye afya njema na asiye na dalili za hatari, tofauti katika ule umwagikaji mkubwa wa kupita lita moja haijathibitishwa kwa uhakika ule ule. Dawa nayo ina gharama yake. Ergometrini, dawa nyingine ya kukaza mfuko wa uzazi, hupandisha presha na kutapisha, na maumivu ya tumbo baada ya kuzaa huongezeka. Mwanamke wa Uingereza aliyekula vizuri miezi tisa, mwenye gari la wagonjwa mlangoni na benki ya damu karibu, akiamua kusubiri, mwongozo wa nchi yake unamruhusu. Sina ubishi naye.

Ila hesabu yake haivuki bahari. Kati ya mwaka 2002 na 2005, watafiti wakiongozwa na Patrick Duffy na Michal Fried waliwafuatilia wajawazito na watoto wao katika Hospitali Teule ya Muheza. Wawili hao ndio walioonyesha mwaka 1996, kwa sampuli za magharibi mwa Kenya, kwamba vimelea vya malaria vina namna ya kung'ang'ania ndani ya kondo lenyewe. Muheza waliikuta wilaya ambamo malaria ilikuwa kali mno, na mwaka 2009 wakaandika kwamba vidonge vya SP walivyopewa wajawazito kwa kinga vilikuwa vinashindwa na vimelea sugu. Malaria imepungua tangu miaka ile, lakini damu haikurudi yote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta zaidi ya nusu ya wajawazito wa Tanzania wana upungufu wa damu. Mwanamke wa namna hiyo huingia leba akiwa ameshalipa kabla ya kudaiwa. Nusu lita inayomfanya mwenzake wa Bristol aone kizunguzungu inaweza kumlaza yeye.

Kwa hiyo hata kanga mbili ni kipimo kikubwa mno kwake. Shirika la Afya Duniani limekiri hilo kwa kuchelewa: mwongozo wa Oktoba 2025 unataka hatua zianze damu ikifika mililita 300 iwapo mapigo ya moyo au presha vimeshabadilika. Kanga moja na kidogo.

Halafu kuna njia. Muheza mjini iko karibu na lami na reli ya Tanga, na rufaa kwenda hospitali ya mkoa si safari ndefu. Mzazi wa Amani, Misalai au Zirai yuko juu katika Usambara Mashariki, ambako mvua ni baraka kwa iliki na mdalasini na balaa kwa barabara. Kusubiri saa nzima kondo litoke kunaeleweka mahali ambapo kosa linaweza kurekebishwa kwa nusu saa. Mlimani, usiku, wakati wa masika, saa hiyo moja ndiyo saa ambayo mgonjwa angetakiwa awe ameshafika mjini.

Msimamo wangu basi ni kwamba kila mzazi wa Muheza apewe sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, na anayekataa aeleweshwe kwa lugha nyoofu kuhusu damu yake mwenyewe, kwa namba iliyoandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Asitishwe. Asomewe.

Lakini kusema sindano si kusema kila kitu kilichokuja na sindano. Sasa narudi kwenye yale mambo mawili. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha zaidi ya wanawake 24,000 katika nchi nane, Kenya na Uganda zikiwemo: wote walipata oksitosini, nusu wakavutwa kitovu, nusu wakaachwa kondo lishuke kwa uzito wake na kwa kusukuma. Kwa damu ya kupita lita moja, kuacha kuvuta hakukuleta tofauti kubwa. Mwaka huo huo mwongozo wa kimataifa ukatamka kwamba dawa ndiyo nguzo, kuvuta ni hiari ya mkunga mwenye ujuzi, na kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja hadi tatu. Dakika hizo humpa mtoto damu yenye madini ya chuma ambayo atayahitaji atakapoanza kuumwa na mbu wa Muheza. Kwa maneno mengine, bibi aliyekuwa akisema kitovu kisikatwe kingali kinadunda alikuwa sahihi, na vitabu vilivyomkosoa miaka mingi ndivyo vilivyobadilika. Kuchuchumaa, kumnyonyesha mtoto mapema, kutovuta: vyote hivyo vinakaa pamoja na sindano bila kugombana.

Hospitali Teule inajua vizuri kuliko wengi jinsi desturi ya kitabibu inavyoweza kuporomoka ikipimwa. Ilikuwa moja ya hospitali sita za Afrika Mashariki katika utafiti wa FEAST uliotoka mwaka 2011, ambamo watoto wagonjwa mahututi waliotundikiwa dripu ya haraka, kama ilivyokuwa ikifundishwa, walikufa wengi zaidi kuliko waliokosa dripu hiyo. Nautaja kwa sababu atakayeniambia kwamba naitetea sindano kwa kuwa imetoka kwa wazungu atakuwa amenisoma vibaya. Naitetea kwa kuwa imepimwa. Kuvuta kitovu kulipimwa pia, kukashushwa cheo.

Kuna udhaifu mmoja ambao watetezi wa sindano hawausemi kwa sauti. Oksitosini hutakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kichupa kilichoshinda kabatini katika joto la pwani bado kina lebo yake, bado kinachomwa, na mkunga huandika kwenye jalada kwamba dawa imetolewa, wakati nguvu imeshaipungukia. Hapo mama hajapata asili wala tiba. Hajanyonyesha mapema kwa sababu sindano imetegemewa, na sindano haipo. Dawa ya kuziba pengo hilo imepatikana: kabetosini isiyoogopa joto ilipimwa kwa wanawake zaidi ya 29,000 katika nchi kumi, zikiwemo Kenya na Uganda, na mwaka 2018 ikaonekana hailegei mbele ya oksitosini katika kuzuia damu ya kupita nusu lita. Misoprostoli nayo ni vidonge, na wakunga wa jadi wa Kigoma waliitumia. Pale ambapo hizo hazijafika zahanati, friji ya chanjo inaweza kuhifadhi oksitosini pia. Ni suala la amri na rafu moja.

Wapo wanaokataa kwa sababu nyingine kabisa. Wanasema damu ya uzazi ni chafu, iachwe itoke, sindano itaifungia tumboni. Hofu hii isichekwe, ina mantiki yake. Mwenye kuijibu aonyeshe kwamba baada ya sindano damu huendelea kutoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kinachozuiwa ni ule mkondo wa mwanzo tu.

Wengine hawaogopi sindano. Wanaloogopa ni zalio, yaani kondo, kupotea mikononi mwa watu wasiowajua. Kwao lina heshima ya mwili, huzikwa, na mtu mzima husema kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake. Hospitalini huishia kwenye shimo la kondo bila mtu kuulizwa. Mwaka 2022 asilimia 81 ya wazazi wa Tanzania walijifungulia katika vituo vya afya, na bado swali hili hatujalipa nafasi kwenye kadi ya kliniki. Mstari mmoja ungetosha, ujazwe mapema kabla ya uchungu, mbele ya mama na mkwewe kama yupo: sindano ataipata dakika gani, kitovu kitakatwa lini, na zalio likitoka litachukuliwa na nani.