Programu za Kunoa Akili: Ahadi na Ushahidi

Wengi wetu huku ughaibuni tumeulizwa na ndugu zetu: je, ipo programu ya kompyuta ya kumrudishia mzee kumbukumbu? Kabla ya kutoa fedha, tuitazame historia yake.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walianza jaribio liitwalo ACTIVE. Watu 2,802 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waligawanywa kwa kura katika makundi manne. La kwanza lilifundishwa mbinu za kukumbuka, la pili kufikiri kwa mantiki, la tatu wepesi wa kuona na kutambua; la nne halikufundishwa kitu. Mafunzo yalikuwa vipindi 10, kila kimoja saa moja na kidogo.

Kundi la tatu ndilo lililotumia kompyuta. Picha zilitokea katikati na pembeni mwa kioo kwa kitambo kidogo sana, kisha zikatoweka. Mzee ataje alichokiona, na wapi. Alipopatia, muda ulipunguzwa. Hiyo ndiyo maana ya zoezi linalomfuata mtu: sisi wahandisi tungesema mzigo unaongezwa kadiri mhimili unavyostahimili.

Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kila kundi limepata nafuu katika kile lilichofundishwa tu. Baada ya miaka 10, faida ya mantiki na ya wepesi ilikuwa ingalipo. Ya kumbukumbu ilikwisha. Uchambuzi wa mwaka 2017 ukaongeza kwamba hatari ya ugonjwa wa kusahau ilikuwa pungufu kwa asilimia 29 katika kundi la wepesi.

Biashara haikungoja. Januari 2016 kampuni ya Lumos Labs ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2, baada ya serikali kuishtaki kwa kutangaza bila ushahidi wa kutosha kwamba michezo yake huchelewesha usahaulifu wa uzeeni.

Lakini la kushika ni hili: waliokwisha kudhoofika sana akili, na waliogunduliwa kuwa na ugonjwa wa Alzheimer, hawakupokewa katika ACTIVE. Matokeo yale ni ya wazee waliokuwa bado wazima. Kwa hiyo mzee aliyeanza kupotea njia ya nyumbani apelekwe kwanza kwa daktari. Huenda ni upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo au dawa anazomeza, na hayo yana tiba. Programu haiwezi kuyaona.