Saizi ya spea za breki (Pemba)

Saizi ya spea za breki ni kule kuoana kwa pedi, diski, shuu, dramu na silinda za magurudumu na gari zinakofungwa. Mtu wa Pemba anayejifungia breki mwenyewe uwanjani kwake mara nyingi huagiza kwa jina tu: "pedi za IST", "shuu za Probox". Jina halitoshi. IST ya kizazi cha kwanza ilitoka Japani ikiwa na chesisi za NCP60, NCP61 na NCP65, injini za lita 1.3 na 1.5, na NCP65 huvuta kwa magurudumu yote manne. Probox nayo ina orodha yake. Aliyeko Dar es Salaam akikosea, hupanda daladala akarudi Kariakoo. Aliyeko Wete au Chake Chake husubiri boti ya Unguja, na gari limekaa juu ya mawe. Kwa hiyo kazi ya kupima ni ya kabla ya kuagiza, na hutaka vitu viwili vikubaliane: nambari na chuma chenyewe.

Nambari huanzia kwenye kibati cha chesisi. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina ile nambari ya herufi na tarakimu 17. Lina msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu chache. Ndiyo maana katalogi za Ulaya huukataa msimbo huo, na mtu akabahatisha kwa kuchagua gari "linalofanana". Nambari ya spea ya Toyota nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza hutaja aina ya kifaa: 04465 ni pedi za mbele, 04495 shuu za nyuma, 43512 diski za mbele. Sehemu ya pili ndiyo inayotenganisha saizi, na ndiyo watu huiacha.

Lakini gari lililotumika limepita mikono mingi, na huenda kalipa au habu yake imetoka gari jingine. Hapo nambari pekee hudanganya, chuma kikasema kweli. Diski hupimwa kipenyo, unene, kina cha kofia yake na tundu la kati. Kikomo cha unene kwa kawaida kimechapwa pembeni mwake. Dramu huchapwa kipenyo cha juu kabisa, na dramu nyingi za Toyota ndogo zenye milimita 200 hukomea 201. Unene una mtego wake. Ukingo wa diski, ambao pedi haiufikii, huota kutu, na hewa ya chumvi huiharakisha. Ukibana venia hapo unapima kutu. Weka sarafu mbili za aina moja, moja kila upande, zikae ndani ya ukingo, pima, kisha toa unene wa sarafu zote mbili.

Wapo wasemao kwamba spea ya zamani ikipelekwa dukani yatosha. Yafaa kwa umbo la bamba la pedi, si kwa unene uliokwisha liwa. Na ikiwa ya zamani yenyewe ilikosewa, kosa linanunuliwa tena. Wengine husema ikiingia imekubali, na isipoingia masikio ya pedi yapigwe tupa. Masikio hayo ndiyo yanayoishika pedi isicheze. Yakisagwa sana, hugonga kila breki inapokanyagwa. Hatari zaidi ni kitu kinachoingia bila ubishi. Silinda ya nyuma ya milimita 19.05 ikifungwa mahali pa ile ya 17.46, eneo la pistoni huongezeka kwa takriban asilimia 19, na kwa mkanyago uleule nguvu ya breki ya nyuma hupanda. Gari likifunga breki uzito hukimbilia mbele, nyuma hubaki jepesi; kwenye mteremko wa udongo uliolowa masika, magurudumu ya nyuma hushikwa kwanza na mkia ukateleza. Wanaotaka diski kubwa wakidhani kubwa ndiyo imara huharibu mizani hiyohiyo, kwa upande wa mbele.

Shuu mpya zina kipimo rahisi. Rudisha adjasta mpaka mwisho, hakikisha breki ya mkono imeachiwa, kisha vika dramu. Ikikataa, tazama kwanza ukingo wa kutu ndani ya dramu. Ukiwa safi, shuu hizo si zake, na zirudi kwenye boksi zikiwa bado hazijaguswa tupa.