Majoho, Matambara na Sketi Fupi



Wapendwa, katika kikao cha baraza la parokia suala la mavazi ya vijana liliibuka tena, na muda ukaisha kabla hatujawauliza vijana wenyewe wanasema nini. Nikaikumbuka Dar es Salaam ya miaka ya sitini.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa Chuo Kikuu Kishiriki pale Mlimani, waliandamana hadi Ikulu, wa chuo wakiwa na majoho yao. Walipinga sheria ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, ambayo kwa sehemu kubwa wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza chuoni. Lakini neno lao juu ya mishahara minono ya wakubwa lilimchoma: akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha.

Mwaka huohuo ikazaliwa USARF, umoja wa wanafunzi wa mrengo wa kushoto ulioongozwa na Yoweri Museveni. Mwaka 1968 waliivuruga siku ambayo wanafunzi wenzao walivaa matambara ili kuchangisha fedha za maskini. Kwao, huko kulikuwa kumdhihaki maskini. (Naungama, hoja hiyo hunisumbua kila Kwaresima.)

Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ukaanzisha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Wapo waliohoji magazetini: je, suti za wanaume si za kigeni?

Wenye majoho, wanamapinduzi na wasichana wa sketi fupi hawakuwa kundi moja, wala hawakupendana. Hata hivyo wote walikuwa vijana wa mjini, na vazi lilikuwa sehemu ya ugomvi wao. Mtakatifu Fransisko naye alianza kwa kumvulia baba yake, mfanyabiashara wa vitambaa, nguo zote mbele ya askofu wa Assisi.

Tena wote walijibiwa kwa shutuma ileile: mnaiga wageni. Novemba 1970 USARF ilipigwa marufuku pamoja na jarida lake, *Cheche*, kwa hoja kwamba Tanzania haihitaji kuazima itikadi kutoka Urusi. Wanafunzi wakarudi na jarida jingine, chini ya Umoja wa Vijana wa TANU. Waliliita *MajiMaji*.