Msichana Anayekua na Macho Yasiyoona Mbali

Wenye kitabu mkononi, fuateni maneno kwa kidole huku mkisikiliza. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: balehe, lenzi, miwani.

Leo tutasoma habari za mambo mawili katika mwili wa msichana. La kwanza ni kuvunja ungo. La pili ni macho kushindwa kuona mbali. Huenda mkauliza, "Mambo haya yanahusianaje?" Wataalamu nao waliuliza hivyo hivyo, na jibu lilichukua miaka mingi.

Fikirini msichana wa miaka 12. Mwaka jana alikuwa wa kwanza darasani. Mwaka huu amerefuka, amevunja ungo, na alama zake zimeshuka. Maneno ya ubaoni huyanakili vibaya. Akipita njiani hawaamkii watu walio mbali. Mwalimu anasema amekuwa mvivu. Jirani anasema ana kiburi. Baba yake anasema, "Amekwisha kuwa mwali, shule imemshinda. Na akae nyumbani." Je, baba huyu amesema kweli? Tusimjibu upesi. Kwanza tuiulize historia.

Miwani ilianza kutengenezwa Italia mwishoni mwa karne ya 13. Ile ya kwanza iliwasaidia wazee kusoma maandishi ya karibu. Lakini kwa nini mtu mwingine huona karibu vizuri na mbali haoni? Mwaka 1604 Mjerumani mmoja, Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota, alilieleza jambo hilo. Alisema kwamba picha ya kitu tunachokitazama huchorwa juu ya ukuta wa nyuma ndani ya jicho. Kwa mtu asiyeona mbali, miali ya nuru hukutana kabla ya kufika ukutani. Ni kama mpira uliopigwa ukaanguka kabla ya kufika golini. Picha huwa na ukungu. Lenzi iliyobonyea katikati huisaidia nuru ifike mahali pake.

Siku hizi twajua kwamba mara nyingi sababu yake ni jicho lenyewe kurefuka kupita kiasi. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa yapata milimita 17. La mtu mzima ni yapata milimita 24. Likizidi hapo hata kwa milimita moja tu, mtu huanza kuona ukungu mbali. Wekeni neno hili moyoni: jicho hukua, kama mguu na mkono.

Sasa twende katika mji wa Breslau, uliokuwa wa Ujerumani, ambao leo huitwa Wrocław na umo katika nchi ya Poland. Mwaka 1867 daktari wa macho wa huko, Hermann Cohn, alitoa kitabu baada ya kupima macho ya watoto wa shule 10,060. Katika shule za vijijini, kati ya watoto 1,000, wasioona mbali walikuwa 14 tu. Katika shule za juu za mjini walikuwa 262 kati ya 1,000. Tena, kadiri darasa lilivyokuwa la juu, ndivyo walivyozidi. Cohn aliona kwamba kusoma mno, nuru haba na madawati mabaya vilikuwa vikiwaharibu watoto macho.

Katika miaka ile ile watu wengi wa Ulaya na Marekani waliogopa kwamba shule hudhuru mwili. Hofu hiyo iliwaelemea zaidi wasichana. Mwaka 1873 daktari Edward Clarke wa Boston, Marekani, aliandika kitabu. Hakuzungumza hasa habari za macho. Alidai kwamba msichana anayevunja ungo, akisoma kwa bidii kama mvulana, nguvu za kukuza mwili wake huishia kichwani, naye huwa mgonjwa. Maneno yale yalifanana na ya baba wa msichana wetu: amebalehe, basi masomo yapunguzwe.

Wanawake wenye elimu hawakunyamaza. Mwaka 1885 chama cha wanawake wa Marekani waliomaliza vyuo vikuu kilitoa hesabu ya wanachuo wa kike 705 walioulizwa habari za afya zao. Wengi wao walikuwa wazima. Kitabu cha Clarke kilijibiwa kwa hesabu, wala si kwa matusi.

Lakini je, balehe haina neno lo lote na macho? Inalo. Wakati wa balehe mwili hurefuka kwa haraka, na wasichana huwatangulia wavulana kwa yapata miaka miwili. Mwaka 2012 wataalamu wa Singapore walitoa habari za watoto waliopimwa kwa miaka kadhaa. Wale waliorefuka kimo mapema, macho yao nayo yalirefuka mapema, na kutoona mbali kukawaanza mapema. Mwaka 2015 wataalamu wa Korea Kusini walionyesha kwamba wanawake vijana waliochelewa kuvunja ungo hawakuwa na shida hiyo sana kama waliowahi.

Tena wasichana wa siku hizi huwahi kuliko wa zamani. Katika Ulaya ya kaskazini, katikati ya karne ya 19, wengi walivunja ungo wakiwa na miaka 15 hadi 17. Mwishoni mwa karne ya 20 ilikuwa yapata miaka 13, kwa sababu ya chakula bora na maradhi kupungua.

Angalieni hapa, msije mkakosea. Mambo mawili yakienda pamoja, si lazima moja liwe limezaa jingine. Balehe peke yake haiwezi kueleza yote. Mwaka 2008 wataalamu walilinganisha watoto wa asili ya Kichina wa miaka 6 na 7, ambao hawajafika balehe. Mjini Sydney, Australia, wasioona mbali walikuwa 3 hivi kati ya 100. Singapore walikuwa 29. Wale wa Sydney walisoma vitabu zaidi! Tofauti kubwa ilikuwa hii: wao walikaa nje saa 13 na zaidi kwa juma, na wa Singapore saa 3 tu. Nuru ya mchana hulizuia jicho lisirefuke kupita kiasi. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Taiwan ilihimiza shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kila siku.

Basi turudi kwa baba yetu. Binti yake hakushindwa na shule. Hana kiburi, wala hakurogwa. Mwili wake umekua, na macho yamekua pamoja nao. Baba akimtoa shuleni atamnyima elimu, na macho yatabaki vile vile.

Afanye nini? Kwanza, ampeleke hospitali akapimwe macho. Pili, akiandikiwa miwani, aivae bila haya. Miwani haiharibu macho. Tatu, mwalimu amweke mstari wa mbele. Nne, wadogo zake wacheze nje mchana kila siku, kabla macho yao hayajaanza kurefuka kupita kiasi.

Sasa zungumzeni darasani. Je, katika mtaa wenu yuko msichana anayekunja macho akitazama mbali? Watu humwitaje? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake juma hili?