Mkanda, Mshipi na Beti: Historia ya Majina ya Vazi la Zana

Miongoni mwa maneno yaonekanayo mepesi kutafsiri, na ambayo hatimaye humtia mfasiri taabuni, ni jina la ule mkanda mpana uvaliwao kiunoni na askari, mlinzi wa wanyamapori au fundi, ukiwa umepachikwa vifuko na ala za kuwekea zana. Watengenezaji wa siku hizi huuita kwa sifa yenye asili ya Kigiriki, ihusuyo upangaji wa majeshi vitani. Mfasiri aifuataye sifa hiyo neno kwa neno atapata "mkanda wa kimbinu", jina ambalo halimwambii msomaji lolote, kwani mbinu hazivaliwi kiunoni. Na mfasiri atazamaye asili ya vazi lenyewe ataandika "mkanda wa jeshi", na hapo atakuwa ameingia shimoni.

Chukua mfano wa soko la Majengo, mjini Dodoma. Mnunuzi akiulizia mkanda ataonyeshwa wa suruali. Akisema anatafuta mkanda wa jeshi, wasikiao watamwuliza ni nani anayeumwa. Kwa Waswahili wengi mkanda wa jeshi ni maradhi: ule upele wenye malengelenge na maumivu makali, utokeao kama ukanda upande mmoja wa mwili, mara nyingi kifuani au kiunoni. Jina la kitabibu la maradhi hayo, zoster, nalo ni la Kigiriki, na maana yake ni mshipi. Hivyo lugha mbili zimeona jambo lile lile. Tangu miaka ya 1980, madaktari walipotambua kuwa maradhi hayo huwapata zaidi watu wenye virusi vya UKIMWI, jina hilo limebeba hofu kubwa. Si jina la kuandikwa katika hati ya bohari.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kilikwisha kuwa na maneno ya vazi hili zamani, na kwamba maneno hayo yana mizani ya kulipimia vazi lenyewe.

Tuanze na njia ya misafara. Katika karne ya 19, njia kuu itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo, ambako watawala wa nchi walitoza hongo. Burton na Speke walipita huku mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Mpagazi alichukua mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kichwani au begani. Kiunoni hakufunga mzigo. Kiuno kiliachiwa vitu vitakiwavyo na mkono kwa haraka: kisu katika ala, pembe ya baruti, na kifuko cha ngozi cha kutilia risasi, kilichoitwa beti. Tofauti hii ndiyo msingi wa hoja yetu: mzigo hubebwa, zana huvaliwa.

Maneno ya kiunoni yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa na kazi yake. Mshipi ulikuwa wa kufungia nguo na kuchomekea silaha. Mahazamu, neno litokanalo na Kiarabu, lilikuwa shali ya kujifunga kiunoni, na masombo yalikuwa kitambaa kirefu cha kujizungushia. Kibwebwe kilikuwa cha wanawake, wakijifunga kwa kazi au kwa ngoma. Kibindo kilikuwa pindo la nguo lililotumika kama mfuko, na hata leo mtu apataye fedha husemwa amezitia kibindoni. Ukanda ulikuwa ugwe wa ngozi, na mkanda ni ndugu yake.

Majeshi ya kikoloni yaliliongezea vazi hili maana ya cheo. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, watu wa Ugogo walitwaliwa na pande zote mbili kuwa wapagazi, na chakula na mifugo yao vikachukuliwa. Ikafuata njaa kubwa iitwayo Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Katika vita hivyo askari alivaa mshipi wenye beti za risasi, na mpagazi alibeba sanduku kichwani. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao. Mwenye mshipi alihesabiwa askari. Asiye nao alihesabiwa mgongo tu.

Huko Ulaya nako vazi hili lilikuwa likibadilika. Samuel Browne, ofisa wa Kiingereza aliyepoteza mkono wa kushoto vitani nchini India mwaka 1858, alibuni mshipi wenye ukanda upitao begani, ili upanga usimlemee upande mmoja. Mwaka 1908 jeshi la Uingereza lilianza kutumia mishipi ya pamba iliyofumwa badala ya ngozi. Baada ya Vita Kuu ya Pili nailoni ilishika nafasi, na katika miaka ya 1990 Marekani ilileta mpango wa safu za tepe zenye upana wa milimita 25, zilizoshonwa juu ya mshipi ili beti ipachikwe popote mvaaji atakapo.

Basi mshipi wa namna hii upimweje? Tunaona mambo manne.

Kwanza, upana na ugumu. Mshipi mwembamba hukata kiuno, na mshipi laini hujikunja beti zikijaa. Pili, bizimu. Yafaa lifunguke kwa mkono mmoja, wala lisijifungue lenyewe mvaaji ainamapo. Tatu, upachikaji. Beti ining'iniayo humpiga mvaaji pajani akikimbia. Mshipi mzuri huishika isiyumbe. Nne, uzito. Zana zikizidi, kiuno pekee hakitoshi, na hapo hutakiwa kanda za mabega, kama Browne alivyotambua.

Tena lazima mahali pafikiriwe. Katika uwanda wa Dodoma, wenye kiangazi kirefu na vumbi jingi, ngozi isiyopakwa mafuta hupasuka. Pamba hunyonya maji wakati wa masika na kukawia kukauka. Nailoni hukauka upesi, lakini huyeyuka karibu na moto. Vifungo vya kunatana, ambavyo vimeenea sana siku hizi, hujaa vumbi na mbegu za nyasi vikaacha kushika.

Sasa turudi kwenye majina. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, hati nyingi za ununuzi na maelekezo ya kazi huandikwa humu mjini, na kosa la neno moja laweza kudhuru. Mfano mkubwa ni fundi wa umeme apandaye nguzo. Huenda akavaa mikanda miwili: mmoja humshika yeye asianguke, na mwingine hushika koleo na bisibisi zake. Maelekezo yakiiita yote "mkanda", ipo siku mwanafunzi atafunga kamba ya kujiokoa kwenye mkanda wa koleo, nao hautamhimili.

Kwa hiyo twapendekeza utaratibu huu. Mkanda ubaki kuwa wa suruali. Mkanda wa usalama uwe ule umshikao mtu, garini au juu ya nguzo. Ule ushikao zana uitwe mshipi wa zana, uwe wa askari au wa fundi. Akitakiwa kutajwa mwenyewe, isemwe mshipi wa zana wa askari. Vifuko vyake viitwe beti, vya visu na bastola viitwe ala, na kifungo chake kiitwe bizimu. Mkanda wa jeshi waachiwe waganga.

Pingamizi moja twaitambua. Pwani, mshipi ni uzi wa mvuvi pia, na zana za uvuvi ni msemo wa kawaida. Hata hivyo, mvuvi husema mshipi peke yake au mshipi wa kuvulia, na sidhani atauvaa kiunoni. Sentensi yenyewe itaondoa shaka. Neno lenye maana mbili zinazojulikana ni salama kuliko neno jipya lisilo na maana hata moja.

Twawaomba wafasiri, walimu na watunza bohari wayapime majina haya kazini mwao. Wakiona lipo neno bora zaidi katika vinywa vya mafundi, basi hilo ndilo lishike nafasi.