Sumu moja, sahani mbili: panya walivyotufundisha kuhusu ini

Kiswahili kina ukarimu mmoja unaotusumbua sisi tunaosoma baiolojia: yule mdogo anayekimbia nyuma ya kabati ni panya, na yule mkubwa wa mtaroni naye ni panya. Nyumbani haina shida, wote unawafukuza. Lakini kwenye historia ya saratani ya ini tofauti yao ni kubwa mno. Mlishe panya mkubwa chakula chenye sumukuvu ya aflatoksini kwa muda mrefu, na ini lake litaota uvimbe. Mlishe panya mdogo aliyekomaa chakula kile kile, ataendelea kula kana kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo humu nitasema "panya mkubwa" na "panya mdogo" kila inapobidi, hata kama itakuchosha. Vumilia kidogo.

Turudi kwanza Japani. Mwaka 1915 Yamagiwa na Ichikawa walikuwa wamepaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura, tena na tena, hadi saratani ikaota pale pale walipopaka. Kazi ya subira sana. Ila ilionyesha saratani ya ngozi tu, mahali ambapo sumu imegusa. Miaka ya 1930 Tomizo Yoshida akafanya jambo la kutisha zaidi: aliwalisha panya wakubwa rangi ya viwandani iliyochanganywa na chakula, na saratani ikatokea kwenye ini. Hebu fikiria. Kitu kinaingia mdomoni, kinapita tumboni bila kelele, halafu kinaharibu kiungo kilichojificha ndani kabisa. Muda mfupi baadaye Riojun Kinosita wa Osaka akapata matokeo kama hayo kwa rangi nyingine ya ukoo huo huo. Hii ilikuwa imetumika kuipa siagi unjano wake, yaani ilikuwa imeshafika mezani kwa watu.

Sasa ndipo mambo yalipoanza kuchanganya. Panya wale wa Japani walikuwa wanakula mchele. Watafiti wengine walipoongeza chachu, au ini la ng'ombe lililokaushwa na kusagwa, kwenye mchele ule ule wenye rangi ile ile, saratani ilipungua sana. Dozi haikubadilika, kilichobadilika ni mboga tu, kama tungesema sisi. Mwaka 1941 kundi la watafiti wa New York, wakiwemo Kensler na Sugiura, wakaonyesha kwamba vitamini B2 pamoja na kaseini, ile protini ya maziwa, vinamkinga panya mkubwa kwa kiasi fulani. Baadaye ikajulikana sababu: ini lina kimeng'enya kinachoikata rangi ile vipande viwili kabla haijaleta madhara, na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila vitamini B2. Mchele mtupu ulikuwa umemnyima panya mkasi wake.

Na upande wa pili wa hadithi ukaja mwaka 1947. James na Elizabeth Miller, mke na mume waliofanya kazi Wisconsin, Marekani, walikuta rangi imeng'ang'ania kwenye protini za ini la panya mkubwa. Haikunata hivyo kwa sababu ilivyomezwa tu. Ini lenyewe lilikuwa limeigeuza kwanza. Kwa maoni yangu hapa ndipo tunapopaswa kusimama kidogo, kwa sababu watu wengi tunadhani ini ni chujio: uchafu unaingia, usafi unatoka. Ini ni jiko zaidi kuliko chujio. Linapika kile linacholetewa, na mara nyingine kinachotoka kwenye chungu ni kibaya kuliko kilichoingia.

Mwaka 1960 Uingereza ilipoteza bata mzinga zaidi ya 100,000. Walikufa kwa ghafla, maini yameharibika, na kwa kuwa hakuna aliyejua chanzo, ugonjwa ukaitwa X. Uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Usidhani sisi tulikuwa mbali na kisa hicho: karanga kutoka Uganda nazo zilikutwa na sumu hiyo, na zikasaidia kumtambua kuvu anayeitengeneza, Aspergillus flavus. Jina aflatoksini limetokana na jina lake. Kufikia 1961 ilishachapishwa kwamba panya wakubwa waliolishwa mashudu yale walipata saratani ya ini.

Kama umefuatilia kisa cha mchele, lazima utauliza: je, na hapa chakula kingine kwenye sahani kina neno? Waliouliza mapema ni Madhavan na Gopalan, Hyderabad, India, nchi ambayo karanga na utapiamlo vyote vilikuwa vitu vya kila siku. Waligawa panya wakubwa makundi mawili. Kundi moja lilipata chakula chenye protini asilimia 20, jingine asilimia 5, na wote wakapewa aflatoksini. Matokeo yalichapishwa 1968. Wengi wa kundi la asilimia 20 walipata saratani ya ini. Kundi la asilimia 5, hakuna hata mmoja.

Kinyume kabisa cha New York, si ndiyo? Kule protini ilikinga, huku inaonekana kuchochea. Ukitafuta mtandaoni utakuta watu wanaoshika jibu hili moja na kukimbia nalo, wakisema nyama na maziwa ndiyo saratani. Subiri. Watafiti wale wale walikuwa wameshaonyesha miaka mitatu kabla kwamba panya wenye protini kidogo ndio wanaoharibika ini vibaya zaidi sumu inapowapiga kwa mara ya kwanza. Na katika jaribio lile la 1968, wengi wa kundi la asilimia 5 walikufa mapema. Hawakupata saratani, ni kweli. Anayekufa kabla ya uzee hapati maradhi mengi tu.

Maelezo yake yanaturudisha kwenye lile jiko. Aflatoksini unayoimeza si ile inayoshambulia vinasaba. Vimeng'enya vya ini huigeuza kwanza kuwa kitu kikali kinachonata kwenye DNA. Panya aliyenyimwa protini ana vimeng'enya vichache, hivyo anapika sumu kidogo. Lakini huyo huyo hana nguvu ya kuhimili dozi kubwa. Protini moja, athari mbili zinazovutana, na inategemea unapima kifo cha wiki hii au uvimbe wa mwakani.

Tumfikie panya mdogo basi. Yeye anaipika aflatoksini vizuri tu, tena kwa kasi. Siri yake iko hatua inayofuata: ana kimeng'enya kinachokidaka kile kitu kikali mara tu kinapozaliwa, kinakifunga kwenye molekuli ya glutathayoni, na kukitoa nje. Mwaka 2010 watafiti walichapisha majaribio ya panya wadogo walioondolewa jeni ya kimeng'enya hicho, na kinga ikaporomoka. Hata bila kugusa jeni, panya mdogo anayepewa sumu hiyo akiwa mchanga wa siku chache anaweza kupata saratani akikua. Fikiria kama mwaka 1961 maabara zote zingekuwa na panya wadogo waliokomaa peke yao. Huenda karanga zile zingepewa cheti.

Mwaka huo huo wa 2010, maabara ya Michael Karin huko California ilitumia panya wadogo kwa swali la zama zetu: unene. Waliwapa watoto wa panya dozi ya kemikali inayosababisha saratani ya ini, kisha wengine wakakuzwa kwa chakula chenye mafuta mengi. Walionenepa walipata uvimbe mwingi zaidi. Kilichochochea kilikuwa uvimbeuchungu wa muda mrefu ndani ya ini, unaoendeshwa na molekuli mbili za kinga ya mwili, IL-6 na TNF. Walipoziba njia ya mojawapo, nyongeza ile iliyoletwa na unene ikatoweka.

Unaweza kuniuliza, sisi binadamu tuko upande wa panya yupi? Kwa kimeng'enya kile cha kudaka, ini letu ni dhaifu mno kulinganisha na la panya mdogo. Tuko upande wa mkubwa. Na hatukuhitaji maabara kuthibitisha. Mwaka 1973 Peers na Linsell walichapisha utafiti wao wa Murang'a, Kenya, ambako aflatoksini kwenye chakula na saratani ya ini vilipanda na kushuka pamoja kulingana na mwinuko wa nchi. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota ukungu mashariki mwa Kenya yaliugusa watu 317, na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Hao ni wale waliopigwa kwa ghafla. Wanaokula kidogo kidogo kila siku hawahesabiwi siku ya mlipuko.

Jambo moja la mwisho, la jikoni kweli kweli. Kwenye punje ya mahindi sumu hii hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo mahindi mabovu yakisagwa dona yanabaki na sumu yake yote, na yakikobolewa kuwa sembe sehemu kubwa huondoka na pumba, pamoja na protini na vitamini ambazo tumezizungumzia tangu mwanzo. Pumba zenyewe hatuzitupi. Tunampa kuku, na ng'ombe wa maziwa.